Linux na Mwenzake

Kwetu Nyakitonto ukikutana na pacha mmoja njiani huwezi kumsalimia ukaenda zako. Lazima umuulizie mwenzake. Hata kama mwenzake umemwona sasa hivi anachunga mbuzi kule bondeni, hata kama unawahi mnada, unasimama, unasalimia, halafu unasema, "Na mwenzio?" Mama yetu alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko katekista wa ubatizo. Mtu akitusalimia nusu, alimwita arudi. Nimemwona kwa macho yangu akimrudisha mwenyekiti wa kijiji na baiskeli yake, kilima kizima, aje aulize.

Mimi ndiye wa kwanza. Majina ya pacha kwetu hayachaguliwi, yalikuwepo kabla yetu: la wa kwanza lipo, la wa pili lipo, na hata mtoto anayezaliwa nyuma ya pacha lake linamngoja. Sitayaandika hapa, maana mtu yeyote wa Kasulu au Kibondo anayajua, na Warundi wanayajua vilevile. Wa pili wangu alikuwa mwanamume. Alichelewa kuzaliwa, na baada ya hapo akachelewa kila mahali. Shuleni nilitangulia mimi, kanisani mimi, shambani kwenye maharage mimi. Wakiniuliza, "Na mwenzio?" nilikuwa na jibu moja ambalo wala sikulifikiria, lilitoka lenyewe mdomoni: "Yuko nyuma, anakuja."

Sasa haniulizi mtu. Mama alitangulia, pacha wangu akafuata, na watu wa mjini ni wapole mno. Wananionea huruma, wananisalimia nusu, wanapita. Basi niseme wazi nisizunguke: kitu ninachokitamani kuliko vyote ni mtu anisimamishe aniulize tena. Si pole. Pole nimezipata za kujaza gunia. Nataka kuulizwa.

Lakini hadithi yangu na yeye huwezi kuielewa bila kujua ugomvi wetu, na ugomvi wetu ulikuwa juu ya jina. Tena si jina la shamba wala la mtoto. Tuligombania jina la kitu ambacho watu wengi hawajui hata kama kina jina.

Mimi ndiye niliyesomea kompyuta, chuo cha Kigoma mjini. Yeye alikuwa kinyozi sokoni Kasulu, na kinyozi wa kweli unamjua kwa mdomo: mteja anaingia na nywele, anatoka na kipara na habari za wilaya nzima. Niliporudi na cheti changu tukakodi fremu moja nyuma ya soko, tukafungua steshenari. Kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza maombi ya vyuo, kutengeneza kompyuta. Tulitundika kitenge katikati ya chumba. Nyuma ya kitenge mimi, na bisibisi zangu na mashine zilizofunguliwa matumbo. Mbele ya kitenge yeye, na kaunta, na mdomo.

Mashine zetu za kwanza zilikuwa kuukuu. Nyingine zilitoka kwenye ofisi zilizofungwa kule Mtabila kambi ya wakimbizi ilipofungwa, zikazunguka mikononi mwa watu hadi zikatufikia zimechoka hoi. Ukiwasha, maharage yanaiva kabla haijaamka. Na flashi za wateja zilikuwa na virusi kuliko mbu wa Malagarasi. Nikaona hapana, nikafuta kila kitu, nikaweka Linux. Zikaamka. Mwenzangu alisimama mbele ya kioo kama mtu aliyeona maiti ikikohoa, akasema, "Dada, umefanya nini?" Nikamwambia nimeweka Linux. Kosa! Kuanzia siku hiyo kila aliyekanyaga mlangoni alihubiriwa.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Kompyuta haiendi bila mfumo endeshi, ndio unaoamuru kila kitu humo ndani. Huu wetu ni programu huria: unaruhusiwa kuutumia, kuufungua uone ndani, kuurekebisha, hata kumgawia jirani. Ndani yake kuna kiini kinachoongea na chuma chenyewe, na kiini hicho ndicho Linux. Lakini kiini peke yake hakikuchapii hata barua moja. Kabla yake walikuwepo watu wengine, walikaa miaka wakitengeneza zana zinazokizunguka, moja moja, wakaziita GNU. Walitaka mfumo mzima uwe huru. Walichobakiza ni kiini tu. Kikaja kiini kutoka kwa mtu mwingine, kikakaa mahali pake, mfumo ukasimama, na dunia ikauita mfumo wote kwa jina la kiini. Wale wa kwanza wakasema, jamani, na sisi je? Semeni basi GNU/Linux. Wengine wakajibu kwamba hilo ni jina refu na kelele za bure. Wanabishana hadi leo.

Habari hiyo nilimpa mimi mwenyewe, siku ya mvua, hatuna wateja, tunakula mihogo ya kuchemsha. Nilimpa kama kichekesho. Nilidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo. Akaweka muhogo chini.

"Yaani walikaa miaka wanatengeneza, halafu hawatajwi?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaona sawa?"

"Mimi naona Linux ni jina fupi, linakaa mdomoni. Kula muhogo wako."

Hakula. Kuanzia pale hakusema tena Linux tupu. Ilikuwa GNU mkwaju Linux, na ule mkwaju, kile kistari cha katikati, alikuwa anautaja kabisa, huku mkono ukikata hewani kutoka juu kulia kushuka kushoto. Mteja amekuja kutoa kopi ya kitambulisho, ana ng'ombe wake amemfunga nje, anaambiwa, "Mzee, kopi yako imetolewa kwa hisani ya GNU mkwaju Linux." Mzee wa watu anaitikia amina.

Tuligombana, jamani. Tuligombana asubuhi tukifagia na jioni tukifunga. Mimi nikiwa nyuma ya kitenge, yeye mbele, tunarushiana maneno juu ya kitambaa.

"Ukienda sokoni unanunua maharage," nikamwambia. "Husemi nipimie mvua mkwaju jembe mkwaju maharage. Mvua ilinyesha, jembe lililima, tunashukuru, lakini kwenye mizani yako maharage."

"Mvua haijaomba kutajwa," akasema. "Wale watu wameomba."

"Anayeomba kutajwa ana lake jambo. Afanyaye kazi anajulikana kwa kazi."

"Na nani?"

"Na wanaojua."

"Dada, wanaojua ni wangapi hapa Kasulu?"

"Debe tupu haliachi kuvuma. Hudumia mteja."

Bado nina sababu zangu, sijahama. Ukianza kutaja wote waliotia mkono hutamaliza. Kuna aliyechora herufi, kuna aliyeandika kile kidirisha, kuna aliyetafsiri maneno. Utawataja wote? Na nani ameamua mstari upite hapa? Hoja hizo alizisikia zote, na alikuwa na majibu, na majibu yake mengine yalikuwa mazuri, sikumwambia.

Mwenye fremu alikuwa mzee wa duka la vitambaa, duka lake limepakana na letu. Amezaliwa Ujiji, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba chetu cha Waha kikimfikia anakunja uso kama aliyetafuna limau. Tulipozidi kelele alikuja kusimama mlangoni, tasbihi mkononi.

"Nyinyi watoto, mnauana kwa sababu gani leo?"

"Shikamoo, Mzee. Huyu hataki kuwataja waliotengeneza."

"Marahaba. Nani, dada yako? Wallahi mimi niko naye. Mtu haitwi jina analojipa, huitwa jina analopewa na watu. Watu wamesema Linux, imekwisha. Na hilo jingine ni nini, ganu, gunu?"

"Ni jina la mnyama pia, Mzee. Nyumbu."

"Astaghfirullah! Barua zangu za bandarini mnanichapia kwa nyumbu?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Na yeye ndiye aliyemaliza mambo, maana alipotoka pale akiwa bado anacheka alimwambia muuza ndizi kwamba kijana yule wa steshenari ameoa Linux. Wiki haikwisha, soko zima likamwita Linux. "Linux, shikamoo yako!" "Linux, umenipatia matokeo?" Kaunta ikawa kwa Linux, kichochoro kikawa kwa Linux, na mchora mabango alipokuja, hakuuliza, akapiga rangi ya bluu juu ya mlango: KWA LINUX. Ndugu yangu aliyepigana mchana na usiku lisisemwe jina nusu, akapachikwa yeye jina nusu. Kinyozi hajinyoi.

Na mimi? Mimi nikawa dada yake Linux. Mashine nimezifufua mimi, mtandao nimevuta mimi, mashine ya kopi ikikwama karatasi ni vidole vyangu vinavyoingia humo, na mtu akitoka na kazi yake safi anamgeukia yeye kaunta, "Linux, wewe ni fundi." Nilizoea. Siku nyingine nilizoea vibaya, nikang'ata meno nyuma ya kitenge. Sitajifanya malaika, kuitwa ni kutamu, na asiyeitwa anajua.

Yeye alikuwa anawajibu, "Fundi yuko nyuma." Wateja walidhani anatania. Walishamwamini yeye, na mtu mwenye mdomo akisema yeye si fundi, watu husema ni unyenyekevu.

Lakini alikuwa na jambo moja. Alirithi la mama. Nyumbani ilikuwa kimoja hakinunuliwi. Ukinunua kanga moja nunua mbili, ukimenya ndizi moja gawa. Kila saa nne yule mama wa maandazi alipopita, mama mmoja ambaye wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi na sasa ni Mtanzania kama mimi, mwenzangu alichukua maandazi, na kabla hajaweka lolote mdomoni mkono wake ulipita pembeni ya kitenge ukiwa na langu. Haongei. Mkono tu, na andazi, bado la moto. Tumetoka kugombana, amenuna, nimenuna, mkono unapita. Nikifumba macho leo nauona ule mkono, na kovu lake la wembe wa kinyozi kwenye dole gumba.

Kisha kikaja kituo cha ufundi cha Kibondo. Walipata kompyuta za msaada, wakatafuta mwalimu wa kufundisha vijana, na wakasikia kuna Linux huko Kasulu. Wakamtaka Linux. Nilizitengeneza mimi zile mashine zote, zililetwa Kasulu kwa gari, nikaziwekea mfumo, zikarudishwa. Kufundisha akaenda yeye. Ilikuwa sawa tu, mimi sina subira ya darasa, mtu akiniuliza kitu mara ya pili naanza kuhema. Kila wiki alipanda gari la asubuhi, anapotelea kwenye ukungu na kikapu chake, anarudi kesho yake na chupa ya asali ya Kibondo na hadithi za wanafunzi. Wengine Waha, wengine wenye asili ya Burundi, wengine wamekulia jirani na kambi na wamechukua maneno ya Wakongo, kompyuta wanaiita ordinateri. Aliwapenda. Nilimuuliza, "Unawafundisha kusema Linux au lile dude lako refu?" Akasema, "Nawafundisha lote. Ila wao nimewapa njia ya kulikumbuka." Njia gani? Akacheka, akasema siku moja nitaisikia mwenyewe. Nikamwambia sina muda wa kusikia upuuzi wa Kibondo, nina mashine ya kopi imekwama.

Aliugua tumbo msimu wa kuvuna maharage. Lilianza kidogo, likawa kubwa, tukamkimbiza hospitali, na hakurudi. Sina namna nyingine ya kuliandika. Tulimzika Nyakitonto pembeni ya mama, kwenye migomba. Wanafunzi wake walikuja kutoka Kibondo, wamesimama kwenye lori, wakashuka kimya na kusimama nyuma kabisa. Sikuongea nao.

Nilifungua fremu baada ya matanga. Yule mzee wa vitambaa, ambaye mama yetu enzi zake alimfunza kutusalimia kamili na hakuwahi kukosea, alikuwa ameketi barazani. Nikamwamkia. Akaitikia. Kisha akaanza, kwa mazoea, "Na mwe..." na akalimeza. Akatazama tasbihi yake. "Pole, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia, Mzee, limalize! Uliza! Lakini yeye alikuwa ameniheshimu kwa namna anayoijua, na machozi yalimlenga, basi nikaingia ndani. Baada yake wote wakawa hivyo. Muuza ndizi, mama wa maandazi, hata watoto wa sokoni. Saa nne ilifika, mama wa maandazi alikuja mpaka nyuma ya kitenge akanipa mkononi, akatoka kwa kunyata. Kitenge nikakitoa siku hiyohiyo. Hakikuwa kinagawa kitu tena.

Jina mlangoni sikulifuta. Watu walizidi kuja kwa Linux, na Linux hayupo, yupo dada yake. Nikawa nachapa, natoa kopi, nahudumia, na nikifunga mlango jioni najikuta nimesimama pembeni, nimemwachia mtu nafasi ya kutoka.

Mkuu wa kituo cha Kibondo alipiga simu. Wanafunzi wamebaki katikati ya kozi, wana mtihani, mashine mbili haziwaki. Nikasema siwezi. Akapiga tena, nikasema tafuteni mtu Kigoma. Akapiga mara nyingine, sikupokea. Mzee wa vitambaa akaniuliza simu ya nani inalia hivyo, nikamweleza.

"Nenda," akasema.

"Mzee, wao wanamtaka yeye. Mimi nitaenda kukaa kwenye kiti cha mtu?"

"Kwani hutaki kukiona hicho kiti?"

Nilitaka kukiona kufa na kupona. Nilitaka kuona dirisha alilokuwa anachungulia, na mahali anapotundika koti lake. Nikapanda gari la asubuhi, lilelile lake. Ukungu ulikuwa umelala Makere yote, baridi inaingia kwenye mifupa, na kila kilima tulichopanda nilijiuliza kama na yeye alikuwa anakitazama au alikuwa amelala mdomo wazi. Alikuwa amelala, namjua.

Kiti kilikuwa cha mbao, kimelegea mguu mmoja. Msumari wa koti ulikuwepo nyuma ya mlango. Sikukalia kiti. Nilisimama mbele ya vijana wale, nao wakasimama wote, wakaniamkia shikamoo kwa pamoja, wakakaa. Sikuwa na maneno yake matamu, nikaanza na kazi. Nikasema mtihani uko karibu, nataka kujua wapi mmefika. Swali jepesi la kuanzia: mashine hizi zinaendeshwa na mfumo gani?

Wakajibu darasa zima, kwa wimbo, kama watoto wa chekechea. Walitaja jina la pacha wa kwanza. Kisha mikono yao yote ikakata hewani kutoka juu kulia kushuka kushoto, wakasema, "Mkwaju!" Kisha wakataja jina la pacha wa pili.

Jina langu. Mkwaju. Jina lake.

Nilidhani wananidhihaki. Nimetoka kumzika mtu, nimesafiri na baridi, halafu vijana wanageuza majina yetu ngonjera?

"Nani amewafundisha ujinga huu?" nikauliza.

Kijana mmoja wa nyuma akamwegemea mwenzake akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Kwani kuna jina jingine?" Wengine wakaangua kicheko, halafu wakaona uso wangu wakakatisha.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Alikuwa na daftari limefunikwa gazeti na kilemba cha njano. "Samahani, mwalimu," akasema. "Jina la kitabuni tunalijua. GNU/Linux. Kwenye mtihani tutaandika hilo, sisi si wajinga. Labda huyu wa nyuma."

"Sasa haya mengine?"

"Mwalimu alisema la kitabuni tutalisahau, halina mtu tunayemjua. Akasema sisi wote, Waha na Warundi, majina ya pacha tunayo toka tumboni. Kwa hiyo tuweke hayo. Wa kwanza alikaa akatengeneza zana zote, moja moja, kimya kimya. Wa pili akaja mwishoni, akasimama mbele, watu wakashika jina la wa pili. Akasema ukimtaja wa pili peke yake umesalimia nusu." Akaangalia daftari lake, kisha akaniangalia. "Akasema hata yeye mwenyewe ni hivyo. Akasema, mimi nyinyi mnaniita fundi, lakini wa kwanza yuko Kasulu nyuma ya kitenge, hizo mashine mnazogusa zote amezigusa yeye kwanza. Akasema msipomtaja, na mimi msiniite."

Niligeukia ubao. Ubao ulikuwa mtupu, nikaufuta hivyohivyo, nikaufuta tena. Kasulu nilikofanya kazi miaka yote sikuwa na jina, nilikuwa dada wa mtu. Kibondo ambako sikuwahi kukanyaga nilikuwa natajwa kila wiki, na darasa zima, tena wa kwanza. Na yule mtu aliyekuwa ananitaja alikuwa anarudi nyumbani na chupa ya asali, ananisikia nikimbishia juu ya kitenge, na hakusema neno. Alikuwa anangoja niende nikasikie mwenyewe. Mdogo wangu, kwa kuchelewa huko!

Nilipogeuka nilikuwa nimelowa uso na sikujali. Binti yule alikuwa bado amesimama.

"Umemaliza, kaa," nikamwambia.

"Bado, mwalimu. Tumekosea tulipokusalimia. Tumekusalimia kama mgeni tu." Wenzake wakaanza kusimama, mmoja mmoja, viti vinakwaruza sakafu, hata yule wa nyuma. Hawa ndio waliosimama kwenye lori. Walilitazama kaburi, walirusha udongo kwa mikono yao. Hakuna hata mmoja asiyejua.

"Mwakeye, mwalimu," akasema binti, kwa Kiha cha kwetu.

Nikaitikia.

"Na mwenzio?"

Nilishika ukingo wa kile kiti chake kilicholegea. Jibu lilitoka lenyewe, kama zamani, wala sikulifikiria.

"Yuko nyuma," nikasema. "Anakuja."